Uchungu Ukianza, Nitajuaje Kwamba Saa Imefika?

Mama Mkunga,

Pokea salamu zangu kutoka Nyalenda, hapa Kisumu. Mimi ni mwanamke wa miaka 23 na mimba yangu, ambayo ni ya kwanza, imetimiza wiki 35. Kliniki nimehudhuria bila kukosa, na kijitabu cha mama na mtoto kinaonyesha kwamba shinikizo la damu liko sawa na mtoto ametanguliza kichwa. Nimekadiriwa kujifungua mwishoni mwa Aprili. Kinachoninyima usingizi si ugonjwa, ni kutojua.

Mwaka jana binamu yangu anayeishi upande wa Nyando aliamka usiku akihisi uchungu, akapelekwa kwa pikipiki hadi kituo kimoja cha afya. Muuguzi alimpima, akamwambia amefunguka sentimita 2 tu, arudi nyumbani mpaka uchungu ukolee. Alirudi. Jioni yake akapelekwa tena, akaambiwa ni sentimita 3, na hakuna aliyemweleza maana ya maneno hayo wala dalili za kungojea. Alitoka pale akiapa kwamba hataenda kuaibishwa mara ya tatu. Uchungu ulipomzidi alivumilia hadi chupa ikapasuka, na mtoto akazaliwa njiani, juu ya leso iliyotandikwa kando ya pikipiki. Tunamshukuru Mungu kwamba wote wawili wako hai, ila binamu yangu alivuja damu nyingi sana, na hadi leo akilisimulia jambo hilo sauti yake hubadilika.

Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na ambaye amezaa watoto 7, anataka niende kwake Kano siku zikikaribia ili anisimamie. Ameniwekea chupa ya mitishamba aliyoichemsha mwenyewe, akaniambia niinywe mara tu nihisipo uchungu, mtoto atoke haraka nisije nikarudishwa kama binamu yangu. Jirani yangu naye ananihimiza nianze kusukuma mapema kabla nguvu hazijaniishia. Mume wangu ni dereva wa lori la kwenda Malaba na huenda siku hiyo asiwepo.

Nakuomba unieleze: uchungu wa kweli hutambuliwaje? Kwa nini mtu arudishwe nyumbani ilhali anaumia? Kuna hatua ngapi, na katika kila hatua mwili unafanya nini? Je, niinywe dawa ya mama mkwe, na kama sivyo, nitamkatalia vipi bila kumvunjia heshima?

Mama Mtarajiwa, Nyalenda

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale binamu yako alipoapa kutorudi. Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi na najua kwamba mwanamke aliyepewa nambari bila maelezo huondoka akiamini kwamba mwili wake umeshindwa, au kwamba amejidekeza. Hakujidekeza, wala mwili wake haukushindwa. Ulikuwa katikati ya kazi ambayo haionekani kwa macho, na kwa kuwa wewe umeuliza kabla ya siku yenyewe, nitaieleza kazi hiyo polepole.

Gusa ncha ya pua yako. Shingo ya mfuko wa uzazi, ambayo wengi wetu tunaiita mlango wa uzazi, huwa imara namna hiyo kwa muda mwingi wa mimba: ni nene, imefumbwa, na ina urefu wa takriban sentimita 3 au 4. Sasa gusa mdomo wako. Hivyo ndivyo mlango huo unavyopaswa kulainika kabla haujafunguka vya kutosha. Uchungu wa mwanzo una kazi tatu zinazokwenda pamoja, yaani kuulainisha mlango, kuufupisha mpaka uwe mwembamba, na kuanza kuufungua. Mkunga anapopima kwa vidole viwili na kusema sentimita 2, anataja upana wa mlango tu, na pengine hakutaja kwamba umeshalainika na kufupika nusu, ingawa hiyo ni hatua kubwa kwa mwanamke anayezaa mara ya kwanza. Sentimita hizi za mwanzo ndizo zinazokwenda taratibu kuliko zote. Zinaweza kuchukua saa nyingi, usiku kucha na mchana wake, uchungu ukija na kupotea, bila kuwapo hitilafu yoyote.

Kipindi hicho ni sehemu ya mwanzo ya hatua ya kwanza. Sehemu ya pili ya hatua hiyohiyo huanzia sentimita 5 na kuishia sentimita 10, wakati mlango umefunguka wote. Zamani sisi wakunga tulifundishwa kwamba mwanamke aliyeshika njia ya uchungu sharti afunguke walau sentimita 1 kila saa. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya daktari wa Marekani, Emanuel Friedman, katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1972 madaktari Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walikitumia kuchora mistari ya tahadhari kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu ambayo imeokoa akina mama wengi kwa kuonyesha mapema nani anahitaji kupelekwa hospitali kubwa. Hata hivyo, mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba sentimita 1 kwa saa ni mwendo wa kasi mno kwa baadhi ya wanawake, na kwamba mwanamke asihukumiwe kwa kipimo hicho peke yake. Kuanzia sentimita 5 hadi kufunguka kote, kwa kawaida uchungu hauzidi saa 12 kwa mzazi wa kwanza, wala saa 10 kwa aliyewahi kuzaa.

Hapo utaona sababu ya watu kurudishwa nyumbani. Mwanamke anayelazwa mapema mno huanza kuhesabiwa saa kabla saa zenyewe hazijaanza, na matokeo yake mara nyingi ni kuongezewa uchungu kwa dawa, au kupasuliwa, bila sababu ya kutosha. Kwa hiyo kumwambia mama mwenye afya, anayeishi karibu, akaoge, ale, apumzike na kurudi baadaye si ukatili. Lakini ushauri huo una masharti yake: kwanza apimwe shinikizo la damu, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe, aulizwe anaishi umbali gani na atarudi kwa usafiri gani, kisha aelezwe dalili za kurudi, kwa lugha anayoielewa, na aambiwe kwamba hata akirudi mara tano atapokewa. Mimi nisingemrudisha usiku mwanamke aliyetoka mbali kwa pikipiki. Ningemtafutia mahali pa kungojea, hata kama ni benchi lenye blanketi.

Sasa tuje kwenye swali lako la kwanza. Wiki hizi za mwisho utahisi tumbo likikaza na kulegea ovyo ovyo, hasa jioni baada ya kazi. Ukibadilisha mkao, ukinywa maji au ukilala kidogo, linatulia. Huo ndio uitwao uchungu wa uongo, ingawa mimi silipendi jina hilo kwa sababu maumivu yake ni ya kweli, na mfuko wa uzazi unajizoeza. Uchungu wa kuzaa una mpangilio. Huanzia mgongoni au chini ya tumbo, unazunguka, unapanda, unafika kilele, unashuka. Na kadiri muda unavyokwenda vipindi vya mapumziko vinafupika huku maumivu yenyewe yakirefuka na kukolea, utembee usitembee. Weka kiganja juu ya tumbo lako na simu mbele yako. Andika dakika ambayo tumbo limeanza kuwa gumu na dakika ambayo limelainika. Siku hiyo au siku chache kabla yake unaweza kuona ute mzito wenye michirizi ya damu kwenye nguo ya ndani. Huo ni muhuri wa mlango wa uzazi unaotoka, haupaswi kukutisha, na peke yake hauna maana kwamba uondoke nyumbani.

Ukiona uchungu unakuja kila baada ya dakika 5, kila mmoja ukidumu karibu dakika nzima, na hali hiyo ikaendelea kwa saa nzima kiasi kwamba huwezi kuzungumza ukiwa katikati yake, ondoka. Wewe uko mjini, tuktuk hazikosekani mchana, lakini Aprili ni msimu wa masika, na vichochoro vya Nyalenda mvua ikinyesha unavijua kuliko mimi. Ikiwa mvua imeshaanza, au ni usiku, usingoje saa nzima hiyo iishe. Weka nambari za madereva wawili, si mmoja, na uzungumze nao kabla.

Kuna hali ambazo hazihesabiwi dakika, na hapa nakuomba usome taratibu. Nenda hospitali mara moja, uchungu uwepo usiwepo, ukitokwa na damu kama ya hedhi au zaidi, chupa ikipasuka, na hasa maji yakiwa ya kijani au yakinuka, mtoto akipunguza kucheza au akitulia kabisa, kichwa kikikuuma sana, macho yakiona ukungu au vimulimuli, au ukivimba uso ghafla, kwa kuwa hizo ni dalili zinazotangulia kifafa cha mimba, ukipata homa, au uchungu wenye mpangilio ukianza kabla ya kutimiza wiki 37. Na ikiwa baada ya maji kutoka utahisi kitu kama kamba kwenye njia ya uzazi, kitovu kimetangulia: piga magoti, inamisha kifua chini na uinue makalio juu, ubaki hivyo hadi ufikishwe hospitali.

Ukishapokewa, utasikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto kila dakika 15 hadi 30, nayo hutarajiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Kupimwa njia kwa vidole kila saa 4 kunatosha ikiwa hakuna tatizo, na una haki ya kuelezwa kilichoonekana. Tembea, egemea ukuta, piga magoti, kunywa uji, kojoa mara kwa mara kwa sababu kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Karibu na mwisho, kati ya sentimita 8 na 10, wanawake wengi hutetemeka, hutapika, hulia na kusema hawawezi tena. Nimeyasikia maneno hayo kwa Kiluo, kwa Kiluhya, kwa Kikisii na kwa Kiswahili, na karibu kila mara yalinijulisha kwamba mtoto yuko karibu kuliko mama mwenyewe anavyodhani. Ukijikuta hapo, kumbuka kwamba umebakisha kidogo.

Hatua ya pili ni ya kusukuma, na jirani yako ameipotosha. Ukisukuma kabla ya mlango kufunguka wote, unamsukuma mtoto dhidi ya mlango uliofungwa nusu, na mlango huo unaweza kuvimba badala ya kufunguka, huku wewe ukimaliza nguvu unazozihitaji baadaye. Msukumo wenyewe utakuja. Utauhisi kama haja kubwa isiyozuilika, na hutahitaji kuambiwa kwa kelele. Sukuma uchungu unapopanda, pumzika unaposhuka. Kwa mzazi wa kwanza hatua hii inaweza kuchukua hadi saa 3, na kwa aliyewahi kuzaa hadi saa 2, mradi mtoto na mama wako salama. Mkao ni wako kuuchagua, kuchuchumaa au kulala ubavu, ikiwa hakuna sababu ya kitabibu ya kukuzuia. Mtu asikandamize tumbo lako ili kumtoa mtoto. Jambo hilo halishauriwi. Kichwa kinapochomoza utahisi ukali kama wa moto. Hapo mkunga atakuomba uache kusukuma na uhemeheme kwa pumzi fupi fupi, kwa sababu kichwa kikipita polepole msamba hupata nafasi ya kutanuka na mara nyingi hauchaniki sana.

Watu wengi wakishasikia kilio cha mtoto hudhani kazi imekwisha. Binamu yako alivuja damu katika hatua ya tatu, ile ambayo hakuna anayeisimulia, na ambayo sisi wakunga tunaiogopa kuliko zote. Kondo la nyuma linapobanduka, mahali lilipokuwa limeshikamana panabaki mishipa iliyo wazi, na kinachoifunga ni mfuko wa uzazi wenyewe kukaza. Ndiyo maana ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka utadungwa sindano ya oksitosini, yuniti 10, kwa kawaida pajani. Kitovu hukatwa baada ya dakika 1 hadi 3 ili mtoto apate damu yake iliyobaki kwenye kondo, na mara nyingi kondo hutoka ndani ya nusu saa. Kisha mkunga atakubonyeza chini ya kitovu chako, na atarudia tena na tena, hata ukimkunjia uso. Anatafuta kitu kigumu na cha mviringo kama chungwa bichi. Akikuta kitu laini kama unga uliokandwa, mfuko haujakaza na damu inaweza kutoka kwa wingi, hivyo ataukanda mpaka ugume. Kupoteza nusu lita au zaidi huhesabiwa kuwa hatari, na nusu lita haichukui muda mrefu kumwagika. Barabarani, kando ya pikipiki, hakuna sindano hiyo wala mkono huo. Hii ndiyo sababu kubwa ninayokusihi uzalie hospitalini, hata kama mimba yako haina tatizo lolote.

Saa zinazofuata wengine huziita hatua ya nne. Mtoto awekwe kifuani pako, ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza, na asiogeshwe siku hiyo. Wewe ubaki chini ya uangalizi walau saa 24. Ukihisi kwamba pedi imelowa chepechepe kwa muda mfupi, au kizunguzungu, usione haya kuita.

Kuhusu ile chupa ya mitishamba, usiinywe hata kijiko. Sisemi hivyo kwa kudharau elimu ya wazee wetu. Baadhi ya mimea hiyo hukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu, na hapo ndipo palipo na hatari, kwa kuwa hakuna anayejua kipimo kilichomo ndani ya chupa, na kikishanyweka hakirudishwi. Hospitalini dawa ya kuongeza uchungu hupitishwa kwenye dripu, tone kwa tone, mtu akisikiliza moyo wa mtoto, na ukizidi dripu hufungwa. Usiku mmoja nikiwa zamu nilimpokea mama aliyekuwa na uchungu usio na mapumziko kabisa, tumbo gumu kama ubao, na mapigo ya mtoto yalikuwa yamepungua sana. Alikimbizwa upasuaji. Ndugu waliomleta walituficha kwa karibu saa nzima kwamba alikuwa amenyweshwa mitishamba, kwa kuogopa kukemewa. Mtoto hakupona. Ikitokea mtu yeyote ameinywa, aseme, asiogope.

Na safari ya Kano nakuomba uiahirishe mpaka baada ya kujifungua. Masika yakishika, mto Nyando hufurika na barabara za huko hukatika, wakati wewe sasa unaishi mahali ambapo, likitokea la kutokea, hospitali yenye chumba cha upasuaji haiko mbali. Hakikisha usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali, umekamilika mwezi huu, usiuache hadi siku ya uchungu. Ujue pia kwamba Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura; kwa hiyo hata karatasi zikiwa na kasoro, nenda.

Mama mkwe wako usimkatalie. Mwombe. Mwambie kwamba mumeo huenda akawa Malaba, na kwamba ungependa yeye ndiye aje Nyalenda akae nawe kuanzia katikati ya Aprili, kwa sababu unahitaji mtu aliyepita njia hii mara 7. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe wa kuwa kando yake wakati wa uchungu, na wanaopata mtu huyo mara nyingi huzaa kwa njia ya kawaida na kuridhika zaidi. Kwenye kliniki yako ijayo nenda naye. Ulizeni pamoja kama wodi hiyo inaruhusu msindikizaji, na mwache amsikie muuguzi mwenyewe akizungumza juu ya mitishamba, ili katazo lisitoke kinywani mwako. Kisha umfundishe kuhesabu dakika kwenye simu, na umwonyeshe pale chini ya mgongo pa kukusugua.